Sinki la Kuogeshea Mbwa

Wazungu wa mradi wa karanga walipofungasha virago vyao, mume wangu alipata nyumba. Alikuwa karani wa stoo ya reli pale Mingoyo, na kwa kuwa nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko watu waliobaki, naye akagawiwa moja yenye bati juu, saruji chini, na chumba cha kuogea chenye sinki. Sinki lenyewe lilikuwa jeupe, lina koki ya shaba, kabati la mbao chini yake na kioo juu yake. Viti vya nyumba nzima tuliviazima, lakini mgeni hakukaribishwa hata kimoja kabla hajapelekwa kuliona sinki. Mume wangu alifungua koki, maji yakatoka; aliifunga, maji yakakatika; kisha akamtazama mgeni usoni akingoja sifa. Hakusema kwamba tangi la maji hayo lilijazwa kwa pampu ya mkono, na kwamba mkono wenyewe ulikuwa wangu.

Mama mkwe alikuja kutoka Kilwa Kivinje mimba yangu ya kwanza ilipokaribia kutimia. Mama yangu mzazi alishafariki, na shangazi zangu walikuwa bara, kila mmoja na shamba lake. Nilikuwa naogopa kuzaa. Sioni haya kulisema, niliogopa mpaka usingizi ulinipaa, na tumaini langu lote nililiweka kwa mwanamke huyo mmoja, ambaye Kivinje nzima walimjua kwa kuzalisha. Alishuka kwenye lori amejaa vumbi hadi kope. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama tumbo langu, lakini hakuligusa.

Alikwenda moja kwa moja kutawadha, akaswali Adhuhuri, ndipo tukaketi kula. Mume wangu hakuweza kungoja hata mama yake amalize tonge la pili.

"Mama, sinki letu umelionaje?"

"Nimetawadhia humo. Maji yake yanatoka vizuri."

"Basi yule bwana aliyekaa hapa kabla yetu alikuwa akiogesha kijibwa chake humo humo! Kwa sabuni ya manukato! Kijibwa kinanukia kuliko mimi."

Alicheka peke yake. Tonge la mama mkwe lilikuwa limesimama katikati ya sahani na mdomo.

"Mbwa?"

"Kadogo tu, mama," alisema mume wangu, na akaonyesha kwa viganja kadogo kiasi gani, kana kwamba najisi inauzwa kwa pishi.

Mama mkwe alirudisha tonge sahanini, akanawa kwa maji ya mtungi, akaanza kukunja kanga zake na kuzirudisha kikapuni. Swala yake imekwenda bure, alisema. Nyumba hii hawezi kukaa. Atalala leo kwa sababu lori limeshaondoka, na kesho asubuhi atapanda jingine la kwenda Lindi, na kutoka Lindi Mungu atamfikisha Kivinje. Mimi nilimshika mkono. Nilimwambia nitalitwaharisha sinki, kama tulivyofundishwa sote chuoni kuhusu najisi ya mbwa: kuosha mara saba, na moja kwa udongo. Akasema, "Haya. Lakini lisafishwe kwanza. Udongo hauwekwi juu ya uchafu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sinki tulilokuwa tukiwaonyesha wageni lilikuwa chafu. Mama mkwe aliketi mlangoni juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akawa anaelekeza kidole. Nilisugua bakuli lake kwa kumbi la nazi na majivu. Nilipomaliza, kidole kikaenda nyuma ya koki, ambako kutu ya kijani ilikuwa imejijengea kwao. Nikaitoa kwa ndimu na chumvi. Kidole kikashuka chini ya ukingo, mahali ambapo jicho haliendi, nikapitisha kitambaa kikarudi cheusi. Nikafuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa, nikaondoa mapovu makavu ya sabuni ya kunyolea, ambayo mume wangu alikuwa akidai ni kasoro za kioo. Nikatoa kila kitu kabatini na kusugua mbao mpaka rangi ikaanza kubanduka. Kila nilipodhani nimemaliza, kidole kilipata pa kwenda. Nilianza kuona kwamba mama huyu hatafuti usafi, anatafuta kosa, na nilikasirika, ila hasira ya mwenye tumbo kubwa aliyepiga magoti haimfikishi mtu mbali.

Katika kitundu cha kupunguzia maji nilichokonoa kwa njiti ya mnazi nikatoa shungi la nywele fupi. Mama mkwe alinyanyuka.

"Si hizo? Za mbwa!"

"Mbwa alikuwa mweupe, mama. Hizi nyeusi," nilisema; mbwa yule nilikuwa nikimwona akitembezwa.

Tuliziinamia sote wawili. Kisha polepole tukageuka kumtazama mume wangu, ambaye kila asubuhi alijinyoa ndevu pale pale akiimba. Alijifanya ameitwa nje.

Udongo nao ulikuwa na kesi yake. Wa uani ulikataliwa, kwani mbwa alikuwa na miguu. Wa barabarani ulikataliwa pia. Ilibidi mume wangu aende kuuchota kwenye shamba la mihogo upande wa pili wa reli, na akaenda hivyo hivyo alivyo, na kaptura yake nyeupe iliyopigwa pasi na soksi zake ndefu, akarudi na ndoo ya udongo mwekundu kichwani. Alipita mbele ya stoo wenzake wakiwa wametoka kupunga hewa. Wakamuuliza kama karani sasa anajenga kwa udongo, na nyumba ya saruji ameirudisha kwa wenyewe. Alisema mama yake ameagiza, akapita.

Mama mkwe akasoma bismillahi, nami nikaukoroga udongo kwa maji na kuupaka sinki zima. Lilikuwa jekundu kama chungu. Kisha nikafungua koki kulisuuza, na hapo ndipo tulipopata funzo letu, kwa maana udongo wa Mingoyo hupendwa na mihogo lakini haupendwi na mabomba. Maji yalijaa mpaka ukingoni, mekundu, yakatulia, yakatuangalia.

"Halipitishi," alisema mama mkwe. "Ndiyo basi. Kesho naondoka."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, nimekaa chini na njiti yangu mkononi. Mume wangu alichukua spana, akalala chali kabatini, kichwa ndani na miguu nje, akaanza kufungua kiwiko cha bomba. Nilimwambia aweke ndoo kwanza. Akanijibu kwamba yeye ni mtu wa reli. Kisha kiwiko kikafunguka, na sinki lote likammiminikia usoni.

Alitoka mwekundu kuanzia nywele hadi soksi, akitema. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakamtikisika, kisha kicheko kikamtoka chote. Alicheka mpaka akateleza ukutani na kuketi chini karibu nami. Nami nikacheka na machozi yangu bado mashavuni. Kisha nikaona kwamba mwenzangu hacheki tena.

"Yule mbwa nilimshukuru, mwanangu," alisema. "Mumeo aliponiambia habari yake, nilimshukuru moyoni. Nilipata njia ya kurudi nyumbani."

Nilijua mume wangu alikuwa na dada aliyefariki kabla sijaolewa. Namna alivyofariki hakuna aliyewahi kunieleza, na jina lake halikutajwa. Pale chini, kwenye saruji iliyolowa, mama yake akanieleza. Ilikuwa mimba ya kwanza, kama yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemzalisha binti yake, na mama na mtoto walimfia mikononi siku ile ile. Tangu hapo hakuwa amemgusa mwenye mimba. Alikuja Mingoyo kwa kuwa mwanawe alimwita, na njia nzima kuanzia Kivinje alikuwa akiomba lori liharibike.

"Sasa nitafanya nini?" alisema. "Wewe umesafisha mpaka nimekosa la kusema."

Niliuchukua mkono wake nikauweka tumboni, na mtoto, ambaye kazi ile yote ilikuwa imemchosha au kumfurahisha, alipiga teke. Mama mkwe aliuacha mkono wake pale. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akidondosha tope. Baadaye alifunga kiwiko, tukasuuza mara zilizobaki, na mama mkwe akatawadha humo kwa swala ya Magharibi.

Hakupanda lori. Uchungu uliponishika alinawa mikono hadi viwiko, akaniwekea tumboni, na hakuiondoa mpaka mtoto alipotoka. Alikuwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha stesheni. Mama mkwe alimwadhinia yeye mwenyewe kwa kuwa baba yake alikuwa akilia, kisha akamwinamia na kumwita kwa jina la bintiye, ambalo ukoo ule haukuwa umelitamka kwa miaka.