Kadi ya Mtu Mmoja

Kazini walimwita Mabawa, na jina hilo lilimkaa hata watu wa uhasibu wakasahau la kwake la kuzaliwa. Alikuwa muuguzi, ila si wa wodini. Alisafiri na wagonjwa: aliwapeleka kwenye hospitali za mbali, akawarudisha makwao wakishatibiwa, au wakishaambiwa hakuna la kuongeza. Alishazoea kulala ameketi, kula amesimama, na kuamka mahali ambapo ilimbidi achungulie dirishani kwanza ndipo akumbuke yuko wapi.

Kadi ya kuingilia kumbi za mapumziko za viwanja vya ndege alinunuliwa na mumewe. Mume alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyenunua hata ndoo bila kuigeuza geuza, lakini alichoka kumwona mkewe akirudi nyumbani miguu imevimba mpaka viatu vinagoma kuvulika. Jioni moja alikaa mezani akapiga hesabu, kisha akamwita.

"Anayesafiri mara mbili tatu kwa mwaka, kadi hii kwake ni hasara," alisema. "Wewe mwenzangu hata sanduku hulifungui lote. Hapa hata yule wangu wa mkia darasani angepata jibu."

Na kwa muda mrefu jibu lilikuwa sahihi. Akishamkabidhi mgonjwa kwa ndugu zake, Mabawa alirudi peke yake, akaonyesha kadi mlangoni, akaoga, akanywa chai bila mtu kumkimbiza, akainua miguu kwenye kochi. Hakuwahi kujuta. Wala hakuwahi kuijaribu kadi hiyo akiwa na mgonjwa, kwa sababu wagonjwa wake wengi waliruka moja kwa moja bila kubadilisha ndege.

Safari ya Fundi haikuwa hivyo.

Fundi alikuwa seremala mstaafu, mapafu yake yameliwa na vumbi la mbao. Alikuwa akirudi kwa binti yake baada ya matibabu, kwenye kiti cha magurudumu, na mapajani amepakata mashine ya oksijeni ndogo kama mkoba wa mwanamke. Mrija mwembamba ulipanda kutoka kwenye mashine hadi puani. Kidoleni alibanwa kipimo cha oksijeni, na Mabawa alikitazama namba zake kama dereva anavyotazama kioo cha pembeni.

"Maisha yangu yote nimekata mbao," Fundi alimwambia walipokuwa wakishuka ndege ya kwanza. "Sasa mbao zinanikata pumzi mimi. Tumelipana."

"Mzee, ongea kidogo kidogo. Pumzi yenyewe ya kupimiwa."

Betri zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa imeisha angani. Ya pili ilikuwa imejaa, na mpango ulikuwa mwepesi: wangengoja kidogo kwenye kiwanja hiki cha katikati, waichaji ile iliyoisha, halafu wapande ndege ya pili wakiwa na akiba. Bila akiba wasingepanda. Shirika la ndege lilikuwa wazi juu ya hilo: mgonjwa wa mashine lazima awe na umeme wa safari nzima na ziada juu yake.

Walipofika eneo la kungojea ndege, ubao wa safari ulisema ndege yao imechelewa. Saa mpya haikuandikwa.

Mabawa alimsukuma Fundi hadi kwenye nguzo ya kuchajia, akachomeka. Taa ya chaja haikuwaka. Akajaribu nguzo ya pili, na ya tatu. Jamaa mmoja aliyekuwa amekaa chini na simu iliyozima alimtazama kwa huruma.

"Upande huu wote hakuna umeme wa ukutani, sista. Wanatengeneza. Sisi wote tumeshajaribu."

Alikwenda dawati la shirika, hakukuta mtu. Akapiga simu zahanati ya kiwanja. Mwanamke wa upande wa pili alimsikiliza vizuri, akamweleza kwamba daktari yuko upande wa mizigo na mtu aliyeanguka, na kwamba mtungi wa oksijeni uko naye huko huko. Wangemtuma mtu.

"Lini?"

"Akimaliza tu, dada yangu."

Taa za betri ya pili zilikuwa nne. Sasa ziliwaka tatu.

Ndipo alipoona kibao cha ukumbi wa mapumziko mwisho wa korido. Akapumua. Ndani ya ukumbi ule kila kochi lina soketi yake, alijua. Alikuwa ameshalala humo.

Mlangoni palikuwa na mpokezi, msichana mwenye skafu shingoni iliyofungwa vizuri mno. Alipitisha kadi kwenye mashine, akarudisha kwa mikono miwili.

"Karibu, dada. Ila kadi yako ni ya mtu mmoja. Na leo hatupokei wageni wa kulipia, tumejaa."

"Huyu si mgeni. Ni mgonjwa wangu. Anahitaji soketi tu."

"Naelewa, dada."

"Basi aingie yeye, mimi nibaki hapa nje."

"Kadi ina jina lako."

"Basi nichomekee chaja hii hapo nyuma yako."

"Betri ya abiria siruhusiwi kuishika. Kitu kisicho na mwenyewe ndani, walinzi wanakiondoa. Mimi nina mwezi mmoja tu hapa, dada. Samahani sana."

Mabawa alimkazia macho. Angeweza kupandisha sauti. Alikuwa ameshawapandishia sauti madaktari bingwa. Lakini aliona ile skafu inavyopanda na kushuka kwenye koo la msichana, akajua anazungumza na mtu anayeogopa, na mtu anayeogopa ukimsukuma hujifungia zaidi.

"Mimi mwenyewe naruhusiwa?"

"Wewe unaruhusiwa. Kuna nafasi moja."

Mabawa aligeuka kumtazama Fundi. Jambo la kwanza alilofundishwa katika kazi ile, kabla hata ya sindano, ni kwamba mgonjwa haachwi. Huendi chooni bila kumkabidhi kwa mtu. Na hapa hapakuwa na mtu.

"Nenda," Fundi alisema. "Nitakimbilia wapi mimi?"

"Subiri kwanza, mzee."

Kwenye viti vya karibu alikuwa ameketi mama mmoja mnene wa makamo, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, begi lake limekaa miguuni kama mbwa mlinzi. Alikuwa amesikia kila neno wala hakujificha.

"Kadi hizo," alisema. "Nilikuwa nayo miaka miwili. Ukija saa ambazo hakuna watu, wanakupokea kama bibi harusi. Ukija siku ndege zimekwama, siku unayoitaka hasa, pamejaa. Nikaona nanunua foleni. Nikaachana nayo." Akamtazama Fundi. "Mzee wako anaweza kukaa na mimi. Niambie nifanye nini."

Mabawa hakumjua mwanamke yule hata kwa jina. Alimtazama mikono, ilikuwa imetulia. Akapiga moyo konde.

"Tazama hapa kidoleni, mama. Namba hii ya juu. Sasa ni tisini na mbili. Ikishuka chini ya themanini na nane usifikiri, usimuulize mtu, njoo ugonge kile kioo mpaka nitoke."

"Chini ya themanini na nane, nagonga."

"Usimwache aongee."

"Hilo ndilo gumu," Fundi alisema.

Aliingia. Ndani palinukia kahawa na sabuni ya bei. Watu walikuwa wamelala midomo wazi, wengine wamejaza sahani, mwanamume mmoja ameweka koti lake kwenye kiti kizima peke yake. Soketi za makochi zote zilikuwa na wenyewe. Mabawa alipata moja chini, ukutani kando ya jokofu la soda, akapiga magoti akachomeka. Taa ikawaka rangi ya chungwa. Angeweza kuibusu.

Akabaki amechuchumaa pale pale. Mlango ulikuwa wa kioo kilichotiwa ukungu kuanzia magotini kwenda juu. Kwa chini aliona magurudumu ya kiti, na viatu vya yule mama kando yake. Hicho tu ndicho alichokuwa nacho. Mhudumu alimletea maji, akayashika bila kuyanywa. Kila magurudumu yalipotikisika, aliinuka nusu.

Safari ngapi alikuwa amekaa kwenye makochi haya akijiona amefika? Leo yale makochi yalimchukiza. Si kosa lao, alijua. Na bado yalimchukiza.

Taa ya kwanza ya betri ilisimama kijani. Ya pili ikaanza kupepesa. Alikuwa ameinama kuitazama kioo kilipogongwa.

Haikuwa hodi ya adabu. Yule mama aligonga kwa kiganja kizima, na watu waliolala wakaamka. Mabawa aliruka, akamwaga maji, akapita mlangoni bila kukumbuka chaja wala betri.

Fundi alikuwa ameegemea mbele, midomo imeanza kuwa ya kijivu, mabega yanapanda na kushuka bila kuleta kitu. Kidoleni: themanini na tatu.

"Hakuongea," mama alisema. "Wallahi hakuongea. Alijisogeza tu, ikaanza kushuka."

Mashine ilikuwa inanguruma. Betri ilikuwa na taa mbili. Mabawa aliufuata mrija kwa vidole kutoka puani, sikioni, kifuani, chini ya mkono. Pale ulipopita kando ya gurudumu ulikuwa umebanwa kati ya tairi na fremu, umekunjika kabisa. Aliachia breki, akarudisha kiti nyuma kidogo, akauchomoa, akaunyoosha kwa vidole viwili mpaka hewa ikapita.

"Vuta kwa pua, mzee. Toa kwa mdomo, polepole, kama unapuliza chai. Nitazame mimi. Usitazame mtu mwingine."

Themanini na tatu. Themanini na tatu. Watu walikuwa wamesimama kuwazunguka. Themanini na tano. Fundi alimshika mkono kwa nguvu ambayo hakudhani bado anayo. Themanini na tisa. Rangi ikaanza kurudi mdomoni.

Namba ilipofika tisini na moja, Mabawa ndiye aliyekaa chini, sakafuni.

"Hiyo ilikuwa ya kubanwa," Fundi alisema kwa shida. "Kama ubao kwenye vaisi."

"Mzee, nyamaza."

Ndipo alipoikumbuka betri. Alipogeuka, mlinzi wa kiwanja alikuwa tayari ndani, ameinama kando ya jokofu, mkono umenyooshwa kuelekea kwenye chaja. Mbele yake alikuwa amesimama yule mpokezi. Mlango aliuacha wazi. Foleni ilikuwa inamngoja.

"Ina mwenyewe," alikuwa akisema. "Mwenyewe ni mimi hapa niliyesimama. Andika unavyotaka." Hakusogea. Kisha alimwona Mabawa, akaita: "Mlete ndani, dada. Mlete na mama."

Mwanamume mwenye koti aliliondoa kwenye kiti bila kuambiwa.

Walikaa humo hadi ndege ilipotangazwa, kando ya jokofu, mashine imechomekwa ukutani. Daktari wa zahanati alifika na mtungi wake akihema, akampima Fundi, akasema anaweza kusafiri kama umeme unatosha. Kwenye lango la kupandia ndege, mkaguzi alihesabu taa za betri zote mbili mara mbili, akafungua kitabu cha kanuni, akakifunga. Kisha mkono wake ukawaelekeza wapite. Yule mama wa vipuri ndege yake ilikuwa nyingine. Aliagana nao kwa kumpigapiga Fundi begani, akaondoka akiburuta begi lake.

Binti wa Fundi aliwapokea upande wa pili akilia na kucheka. Mabawa alimfundisha kuhusu mrija na tairi kabla ya kumfundisha kitu kingine chochote.

Nyumbani hakulala vizuri siku kadhaa. Aliona ile namba kila alipofumba macho. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hesabu yangu ilikuwa na kosa."

"Haikuwa na kosa. Ulinipigia mimi hesabu. Hukumpigia mgonjwa."

Hakuitupa kadi. Wakati wake ulipofika aliilipia tena, kwa ajili ya zile safari za kurudi peke yake, na hakuona aibu kuinua miguu. Ila alimwandikia bosi wake ripoti ndefu, akamfuata ofisini, akamfuata tena koridoni, mpaka kampuni ikakubali mambo mawili: hakuna mgonjwa wa mashine kupita kiwanja cha kubadilisha ndege bila zahanati kujulishwa siku moja kabla, na betri ziwe nne. Bosi alilalamika juu ya bei. Mabawa alimweleza rangi ya midomo ya Fundi, na bei haikutajwa tena.

Kuhusu mpokezi, aliandika barua ya kumshukuru, kisha akaichana kabla ya kuituma. Aliogopa isije ikawa ndiyo inayowafahamisha wakubwa zake kwamba alivunja kanuni. Miezi ilipita kabla hajapitia tena kiwanja kile. Mlangoni alimkuta mwingine. Alipouliza, aliambiwa yule dada amehamishiwa dawati la abiria wenye mahitaji maalumu, kwa maombi yake mwenyewe. Mabawa hakujua kama ni kweli au ni namna ya kusema kwa adabu kwamba alifukuzwa. Alikwenda hadi kwenye dawati hilo kuhakikisha.

Alikuwepo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi mmoja mwenye kiti cha magurudumu na mrija puani, hakuvaa skafu, anapitisha kidole kando ya tairi.