Gaudensia Aliyechoma Dungu

Enzi zetu pale Ifakara, mpunga ukianza kutoa masuke, mjini walibaki wagonjwa na wazee tu. Sisi wengine tulihamia mashambani, tukaishi kwenye madungu, vibanda vya miti na nyasi vilivyosimama juu ya nguzo ili maji ya mafuriko yasitufikie. Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Tulipiga madebe, tukarusha udongo kwa makombeo, tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Jioni mama zetu walikaanga mpunga mbichi wakautwanga, tukala pepeta ingali ya moto. Nikiwasimulia vijana wa leo, wananiuliza simu tulikuwa tunachajia wapi.

Kama ulikulia bondeni, bila shaka mlikuwa na mtoto mmoja ambaye kila mzazi aliwakataza kucheza naye. Kwetu alikuwa Gaudensia. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, mwembamba, mwepesi wa mkono. Alitoboa matairi ya baiskeli zilizoegeshwa nje ya kanisa watu wakiwa misani. Alimwaga maji ya wenzake kisimani. Ukimtazama sana, anakupiga. Mama yake alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, akaahidi kurudi Pasaka. Pasaka ikapita, na nyingine ikapita. Gaudensia alibaki na babu yake, mzee asiyeona vizuri, aliyejua njia moja tu ya kulea, nayo ni fimbo. Shuleni nako fimbo.

Siku moja mchana alichoma dungu la Mzee Kalisti, jirani yetu wa shamba. Kwa bahati, mke wa mzee alikuwa ameshuka kuteka maji. Magunia, mablanketi, vyombo, vyote vikawa majivu.

Watu walikusanyika. Mmoja akasema afungwe kamba apelekwe polisi. Mwingine akasema achapwe mbele ya wote, kisha apelekwe huko huko kwa mama yake. Babu yake alikaa chini, ameinamisha kichwa. Gaudensia alisimama macho makavu, kama vile anayezungumziwa ni mtu mwingine.

Mama yangu hakuwa msemaji. Siku ile alisogea akamuuliza, "Mwanangu, leo umekula nini?"

"Sijala."

"Na jana?"

Hapo ndipo alipoanza kulia. Wote tulikuwa tumemwona akichapwa bila kutoa chozi, na sasa alilia mpaka akashindwa kusimama. Mama akamshika.

Mzee Kalisti alitazama majivu yake. "Dungu langu atalijenga," akasema. "Nitalijenga naye. Kesho aje na panga."

Wakalijenga. Mzee alikata nguzo, Gaudensia akabeba. Mke wa mzee akamfundisha kuezeka. Chakula alikula leo kwetu, kesho kwa jirani mwingine. Haikuwa rahisi. Kuna siku alimtukana mke wa mzee akatoroka, mama akamfuata hadi ukingoni mwa mto. Walirudi wote wawili wamelowa matope, na walichozungumza huko hawakutusimulia. Kazi ile ilimchubua mikono, lakini hakuna aliyemwacha aifanye peke yake. Mama yake hakurudi kamwe. Gaudensia alikua hivyo hivyo, mikononi mwa watu, akaolewa mtaani kwetu, akazaa.

Sasa ni bibi, na miguu inamsumbua. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Beni. Binti yake alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akawa anapiga simu kila wiki, kisha mara moja moja, kisha kimya. Beni akaacha shule, akawa anashinda kijiweni. Alivunja taa za bodaboda, akajibu wakubwa ovyo. Shikamoo ilimtoka kwa shida, ingawa kwa hilo hakuwa peke yake. Vijana wa siku hizi wanakuamkia "mambo" macho yakiwa kwenye simu, nawe unajikuta umeitikia "poa" na mvi zako zote.

Gaudensia alipita nyumba kwa nyumba. Nilimsindikiza kwa jirani mmoja aliyejenga ukuta mrefu. "Naomba unisaidie kuzungumza naye," alisema. "Mimi hanisikii tena."

Jirani alimjibu kwa upole kabisa. "Bibi, siku hizi kila mtu na mtoto wake. Nikimgusa, kesho naitwa polisi mimi."

Msimu huu, watu wakiwa katika mavuno, Beni alikamatwa na betri ya bajaji. Alikuwa na miaka kumi na sita. Waliomkamata hawakumuuliza kitu, walimpiga tu. Tulipofika, Gaudensia akijikokota, walikuwa wameshatawanyika. Tulimpakia kwenye bajaji, kichwa chake kikiwa mapajani mwa bibi yake, akakata roho kabla hatujafika hospitali.

Tulikaa kwenye benchi pale nje. "Mimi nilichoma dungu la watu," aliniambia. "Nikapewa panga nijenge. Huyu kaiba betri, dada. Betri."

Watu wanalaumu bangi, wanalaumu simu, wanalaumu shule, na pengine wote wana sehemu ya ukweli. Mimi bado naliwaza lile swali la mama, leo umekula nini.

Msibani watu walijaa. Kila nyumba ilileta kitu, kuni, mafuta, maharage. Yule jirani wa ukuta mrefu alileta gunia zima la mchele. Masufuria yalikaa jikoni mchana kutwa, wageni wakala wakashiba, na chakula kikabaki. Gaudensia aliletewa sahani akaiangalia tu. Enzi zetu, wali ule angeula Beni mwenyewe, akiwa hai.