Wifi Alivyoifufua Tableti ya Kaka

Kaka yangu alikuwa kinyozi mwenye maneno mengi. Wateja walimwita Redio. Kiharusi kilipompata, mkono wa kulia ulilegea na ulimi ukafungwa. Maneno tuliyaona yamejaa machoni mwake, lakini mdomoni zilitoka sauti tu. Hapo ndipo nilipomjua vizuri mkewe, wifi yangu, fundi cherehani ambaye miaka yote nilimdhania mpole wa kupitiliza.

Hospitali walimweleza kuna programu: mgonjwa anagusa neno, nayo inalitamka kwa niaba yake. Nyumbani kulikuwa na tableti ya zamani, kioo kina ufa pembeni. Programu ikagoma kuingia, kwamba mfumo wa tableti umepitwa na wakati. Fundi simu wa mtaani akaigeuzageuza, akacheka.

"Mama, hii izikwe tu."

"Mgonjwa hazikwi," wifi akajibu, akaitia mkobani.

Akaja kugundua kuwa wapo watu mtandaoni wanaotengeneza mifumo mipya kwa ajili ya vifaa vilivyotelekezwa. Akaanza kusoma, cherehani upande huu, kompyuta aliyoazima kwangu upande ule. Lugha ya maelekezo ilimpiga chenga, akaitafsiri neno kwa neno. Nikamuuliza anaelewa nini humo.

"Ni kama kubadilisha bitana ya koti," akasema. "Nje linabaki lilelile, ndani unatia kitambaa kipya. Ila ukikosea, koti huna."

Kwanza alihamisha picha zote za familia, maana kila kitu kingefutika. Akajaza chaji. Kisha akafungua kufuli ya mfumo wa zamani na kupakia mpya. Tableti ikazima, ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima tena. Ikazunguka hivyo asubuhi nzima, kama kuku aliyefungwa kamba.

"Wifi, umejitahidi. Tutafute nyingine," nikamwambia.

Alichomoa waya, akapika, akamlisha mumewe, akarudi kusoma tangu mwanzo. Ndipo akaliona kosa: tableti za aina ile zilitoka matoleo mawili, yanafanana kama mapacha, naye alikuwa amechukua faili la pacha mwingine.

"Kumbe nimemvika mtu nguo ya nduguye!" Akacheka hadi akajifuta macho kwa kanga.

Alipopakia faili sahihi, nembo ikatokea, ikakawia. Mara salamu ya kukaribisha. Programu ikaingia bila ubishi. Wifi akaiweka mapajani kwa kaka, upande wa mkono ulio mzima. Kaka akagusa taratibu. Ikatoka sauti ya kike, nyororo:

"Mke wangu. Chai. Baridi."

Tuliangua kicheko, kaka naye mabega yakamtikisika.

"Yaani umenyamaza muda wote huu," wifi akasema huku machozi yanamtiririka, "halafu unaanza na lawama?"

Kaka akagusa tena. "Asante," tableti ikasema. "Asante. Asante." Kama alikusudia au ni kidole kilichotetemeka, hakuna aliyeuliza. Wifi aliinuka kwenda kupasha chai.

Siku hizi hospitali huwaelekeza kwake wenye wagonjwa kama kaka. Huja na tableti zao zilizochakaa, naye huzipanga mezani kati ya suruali na magauni, hataki kuharakishwa. Mimi, mwenye kompyuta, nimepewa kazi ya kuchaji betri.