Simba Wangu Alivyolambwa na Ng'ombe

Jamani, nicheke au nijifiche? Huku Isingiro vitambaa vimeadimika, nami nikamshonea Vedasto, mtoto wa jirani, nguo ya kuigizia simba wa hadithini kutokana na gunia tupu lililokuwa na chumvi ya ng'ombe wa baba mkwe. Rangi ilikuwa ya simba kabisa. Kulifua niliona uvivu. Mama Vedasto nikamwambia kwa madaha, "Kitambaa cha Bukoba hicho!"

Jumapili watoto wakacheza uwanjani. Simba akanguruma, wenzake wakatimua mbio. Mara ng'ombe wakapita. Badala ya kumkimbia simba, wakamzingira, wakamlamba mgongo, mkia, mpaka masikio. Simba akalia, "Mama wee!"

Mama yake akamnyakua, akaipapasa nguo, akaonja kidole, akanigeukia.

"Fundi, huko Bukoba siku hizi wanafuma kwa chumvi?"