Ng'ombe Aliyekuwa Siri ya Serikali

Ng'ombe wetu aliuawa asubuhi, wakati wa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili. Alikuwa jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni, wa ukoo wa yule ng'ombe ambaye babu alimpa mama yangu siku alipoolewa. Mimi ndiye niliyekuwa nimempeleka malishoni, kwenye mbuga iliyo kati ya Kitengela na Kajiado. Wanajeshi walikuwa wamepiga mahema huko na kuanza mazoezi ya kulenga shabaha.

Tuliambiwa kwamba siku ya kufyatua mizinga watapandisha bendera nyekundu. Siku hiyo haikupandishwa, au ilipandishwa upande ambao sisi hatukuweza kuiona. Mwiba ulikuwa umepenya kiatu changu cha tairi, nikasogea kando kutafuta jiwe la kukalia niung'oe. Nikasikia mvumo, halafu ardhi ikanirusha. Nilipoinuka kulikuwa na vumbi tupu, na ng'ombe wengine wakikimbilia nyumbani. Yule mwekundu alikuwa amelala pale pale nilipokuwa nimesimama.

Mama alikuja mbio, shuka lake likiburuzika nyuma. Hakumtazama ng'ombe. Alinishika kichwa, akanipapasa mabega, mikono, magoti, kama anayemkagua mwana-mbuzi aliyezaliwa sasa hivi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumbani mambo yote yaliamuliwa na mama. Majirani walikuja kutupa pole, wakamshauri aliache jambo hilo. Serikali haishitakiwi na mtu wa ng'ombe mmoja, walisema. Mama aliwapa chai, akawasikiliza, na walipoondoka akaniambia, "Kesho utanisindikiza kwa hao watu."

"Tukawaambie nini, Yeyo?" nikauliza, kwa neno la kumwita mama katika Kimaa, lugha yetu.

"Hatuendi kuwaambia. Tunaenda kuwauliza kama wanajua walichofanya."

Mama hakuwa na Kiswahili, au ndivyo nilivyoamini. Popote penye ofisi, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Kesho yake tukafika penye kizuizi cha barabara waliyokuwa wameikwangua wanajeshi wenyewe. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye midomo iliyopasuka kwa upepo wetu. Nikamweleza kwamba tungependa kuonana na mkubwa wa kambi.

"Kambi gani?" akauliza.

Nyuma yake kulikuwa na mahema, malori, na mpishi aliyekuwa akisonga ugali.

"Hii," nikasema.

"Mimi siwezi kusema kama hapa kuna kambi ama hakuna. Hiyo ni mambo ya usalama."

Nilipomtafsiria mama, aliyatazama mahema kwa muda mrefu, kwa upole kabisa, kisha akasema nimwambie kijana apake midomo mafuta ya kondoo. Nilimwambia. Akaona haya, akatuelekeza Kajiado, kwenye ofisi ya serikali.

Mjini tulikaa kwenye benchi hadi mchana. Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa tai na sauti laini. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mama, pole sana. Lakini huyo ng'ombe aliingia eneo la ulinzi."

Mama akasema kwa Kimaa, nami nikatafsiri: "Ng'ombe alizaliwa hapo. Ulinzi ndio ulioingia."

Ofisa akatabasamu. "Mwambie mama jeshi linafanya mazoezi ili sisi sote tulale salama. Adui akija, watakuwa tayari."

"Adui atatoka wapi?" mama akauliza.

"Popote. Hata huko mpakani."

Mama akafikiri. "Mpakani ni Loitokitok. Ukivuka kidogo tu, dada yangu ameolewa huko. Ni yeye wanamwogopa?"

Sikujua kama nicheke au nilie. Nilitafsiri nikitazama sakafu. Ofisa naye alisafisha koo, akasema kwamba jambo lenyewe liko nje ya uwezo wake, kwamba hata kama ng'ombe alipigwa, silaha iliyompiga ni siri, mahali alipopigiwa ni siri, na siku yenyewe ya mazoezi ni siri.

"Basi ng'ombe wangu ni siri?" mama akauliza.

"Tuseme hivyo, mama. Kwa sasa."

"Hata tai wa angani wanamjua."

Tulipotoka, tuliingia dukani kwa mzee mmoja Msomali aliyeuza nguo na kununua ngozi, ambaye mama alifahamiana naye tangu siku za baba. Alitutilia chai ya maziwa. Nilipomsimulia, hakucheka. Alisema kwao kaskazini watu wamekuwa wakiuliza maswali ya namna hiyo tangu yeye hajaota ndevu. "Lakini uliza, mama yangu," akasema. "Usipouliza watadhani hukuona." Akamfungia mama sukari kwenye gazeti, na mama akampa mkono mara mbili.

Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Likizo ikawa inaisha. Mama alikamua ng'ombe waliobaki, akarudishia kinyesi cha ng'ombe kwenye ukuta wa nyumba ulipopasuka kwa mtikisiko, na hakulitaja jambo lile. Ila nilianza kuona kwamba haniruhusu tena kwenda machungani. Nikishika fimbo, alinipa kazi nyingine. Na kila mizinga ilipovuma kwa mbali, aliniita jina langu kutoka alipo. Nikiitika, hakuwa na la kunituma.

Ndipo ikatangazwa baraza. Mheshimiwa mmoja angekuja kutoka Nairobi kuzungumza na wananchi juu ya usalama. Watu walijaa uwanja wa shule ya msingi, wengine kwa sababu walisikia kutakuwa na soda. Mheshimiwa alivaa shuka letu juu ya suti, kama walivyofanya wote waliotutembelea. Alisema mipaka yetu ni imara. Alisema hakuna nchi jirani inayoweza kutuchezea. Alisema serikali ina macho kila mahali, inaona kila kitu. Tukapiga makofi kila mara mwelekezaji wa sherehe alipoinua mkono.

Akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu ambaye hategemei swali. Mama akasimama. Nikasimama naye, tayari kutafsiri. Akanisukuma begani nikae.

"Mimi ni mama ya hapa," akasema, kwa Kiswahili. "Umesema serikali iko na macho kila mahali. Hiyo macho iliona ng'ombe yangu? Kama iliona, mbona ilipiga? Na kama haikuona, hiyo adui itaona namna gani?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wazee walicheka wakishika magoti, na hata askari wa mheshimiwa aligeuka upande ili asionekane. Mheshimiwa mwenyewe alicheka pia, akasema mama ana hoja, jambo lake litashughulikiwa, kamati itaundwa. Kisha akapanda gari. Kamati hiyo sijawahi kukutana na mtu aliyeiona.

Njiani nilimuuliza mama Kiswahili alikitoa wapi.

"Kwani mnapokiongea na wenzako mkitoka shule, mimi niko na masikio ya nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapenda kunisaidia," akasema.

Siku iliyofuata alikuja mtu kwa miguu, amevaa shati la kawaida. Mbwa walimbwekea, naye akasimama mbali, kwa adabu, hadi alipoitwa. Alisema yeye ni mwanajeshi, na kwamba siku ile ndiye aliyetoa amri ya kufyatua. Hakutumwa na mtu. Alikuwepo kwenye baraza, nyuma, na alimsikia mama. Alikuwa mtu mzima tayari, mvi zimeanza pembeni mwa kichwa, lakini mikono yake hakujua aiweke wapi.

Watoto wa jirani walikuwa wakimsalimu mama kwa kuinamisha vichwa, kama ilivyo desturi yetu, naye akiwagusa mmoja mmoja. Yule mtu alitazama, kisha akainamisha chake. Mama akasita. Halafu akamwekea kiganja utosini.

Alimpa kigoda na chai. Mtu yule akashika kikombe bila kunywa. "Mama, nimekuja kusema pole kwa sababu ya ng'ombe," akasema. "Tulikosea. Hatukukagua upande huu."

"Ng'ombe ni ng'ombe," mama akasema. "Hata ukame unachukua." Akanyoosha mkono na kunivuta karibu, ingawa nilikuwa mrefu kumzidi. "Huyu alikuwa hapo. Huyu. Alitoka tu akatafute jiwe."

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona mama akilia tangu baba azikwe. Mwanajeshi aliweka kikombe chini. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akasema ana binti wa umri wangu kule kwao. Tulikaa hivyo, sote watatu, mpaka chai ikaota utando.

Wiki iliyofuata kulikuwa na bendera nyekundu upande wetu, kubwa kama blanketi. Mahema yaliondolewa kabla ya mvua. Hakuna aliyetulipa, hakuna aliyetuandikia, na ukiuliza leo ofisini utaambiwa hapakuwahi kuwa na mazoezi yoyote.

Miaka ya elfu mbili, mbuga ile ilipokatwa ploti na kuzungushiwa seng'enge, nilikuwa nimepanga nyumba Kitengela, nikifundisha. Mama alikuja kukaa nami alipoanza kuumwa miguu. Siku moja ya sikukuu ya taifa tulitazama runinga pamoja. Ndege za kivita zilipita juu ya uwanja zikiacha moshi wa rangi, na mtangazaji alikuwa karibu kupoteza sauti kwa fahari. Mama alivuta shuka magotini.

"Zinapita chini sana," akasema. "Kuna watu hapo chini."

"Ni maonyesho tu, Yeyo."

"Najua. Lakini waambie."

Nikamwambia nitawaambia, nikaenda jikoni kuinjika chai.