Jani la Isale na Pikapu ya Baba

Mpaka leo nikisikia harufu ya oili inayoungua juu ya ekzosi ya moto, sikunji uso kama madereva wengine. Natabasamu. Mume wangu husema pua yangu ina kasoro, nami humjibu kwamba yeye hakukulia Marangu, kwenye ua ambamo pikapu ya Baba ilikojoa kila asubuhi.

Mniwie radhi kwa neno hilo, lakini ni la Bibi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, doa jeusi chini ya gari hakuliona, ila alilinusa akiwa barazani na kikombe chake cha uji. "Gari lenu limekojoa tena," alisema, na Baba akajifanya hakusikia.

Baba hakuwa fundi, ila hakuna aliyeweza kumwambia hivyo. Mara mbili alijilaza juu ya gunia chini ya pikapu akabadilisha gasketi ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa kuwa matone yalidondokea hapo. Mara mbili alitoka na oili hadi kwenye nyusi, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Kesho yake kipande cha boksi tulichotandika chini kilikuwa kimelowa kama jana.

Fundi wa kweli alikuwa jirani yetu, tena wa damu. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa na gereji Himo, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya mstari wa masale, mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani, uliotenganisha vihamba vyao, yaani mashamba yao ya migomba. Lakini wawili hao walikuwa wamenuniana tangu Baba alipodai kwamba mstari ule umesogezwa, ukameza migomba yake miwili. Walipopishana njiani kwenda kanisani, kila mmoja alitazama viatu vyake.

Sasa ikawa Bibi amepangiwa kufanyiwa upasuaji wa macho Moshi mjini siku ya Jumatatu. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu, na miguu yake haikuweza kuteremka hadi barabara kubwa. Mvua zilikuwa zimeharibu njia yetu, magari ya kukodi yalikataa kupanda. Ilibaki pikapu, na injini ikikauka oili njiani, imekufa. Nilimwona Bibi akikunja khanga zake za safari Ijumaa, akizikunjua, akizikunja tena, nikaumia moyo.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua jambo moja: wakubwa walisema ukimpelekea mtu jani la isale, hawezi kukukatalia. Nilidhani linafaa kwa ombi lolote. Niliwahi kumpelekea Mama nikiomba nisioshe vyombo. Alilipokea vizuri, akanichapa nalo miguuni. Hata hivyo, Jumamosi alasiri nilikata jani kwenye mpaka wenyewe, tena pale pale penye ugomvi, nikavuka.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, Manka." Aliliangalia jani mkononi mwangu kwa muda. "Nani kakutuma?"

Nikadanganya, Mungu anisamehe. "Baba. Gari linavuja, na Bibi anaenda kutolewa macho Jumatatu."

Hakucheka. Alilichukua jani, akaniambia nirudi nyumbani.

Jumapili baada ya ibada alikuja na boksi lake la spana. Nilijificha nyuma ya banda la ng'ombe. Niliwaona wamesimama kando ya pikapu, Baba Mkubwa akimpa Baba kitu. Baba alikiangalia, akakiangalia, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fungua boneti."

Baba akaanza kueleza habari za sampo. Baba Mkubwa alimwacha amalize, akaiosha injini nzima kwa dizeli na brashi, akaikausha kwa kitambaa, kisha akaomba unga wa ngano. Mama alishangaa, akatoa uliokuwa wa maandazi. Akaupuliza juu ya injini mpaka ikawa nyeupe, akaiwasha, akaiacha ingurume. Tulisubiri wote, hata Bibi aliyesogezewa kigoda ingawa haoni. Ukajitokeza mstari mweusi, mwembamba, ukianzia juu kabisa, nyuma ya mfuniko wa injini, ukiteremka polepole hadi kwenye sampo.

"Wewe ulikuwa unafunga chini," alisema. "Inavuja juu, inadondokea chini."

Baba alijikuna kichwa kama mwanafunzi. Baba Mkubwa alifungua mfuniko, gasketi ikatoka vipande vipande, ngumu kama biskuti ya zamani. Akatandaza karatasi ya gasketi juu ya mfuniko, akaigonga kingo kwa nyundo ndogo, tok tok tok, mpaka ikakatika sawasawa. Baba alimshikia. Bibi alisikiliza sauti zao mbili, machozi yakimtoka, akasema ni moshi wa jikoni.

Jumatatu kipande cha boksi chini ya gari kilikuwa kikavu. Tuliteremka Moshi, Baba Mkubwa akiwa mbele kwa ajili ya kuisikiliza injini. Kwenye kioo cha ndani lilining'inia jani langu, limefungwa fundo. Nilidhani Baba amelifunga ili lisianguke. Lilikaa hapo hadi likawa rangi ya tumbaku, na Baba hakuruhusu mtu aliguse. Kila alipoulizwa alijibu, "Kaka yangu ndiye aliyekuja kwangu."

Baba ametangulia. Desemba iliyopita nilipopanda nyumbani, nilikaa na Baba Mkubwa jikoni kwake nikaamua kuutua mzigo wangu: kwamba Baba hakunituma.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, jani la kuomba msamaha hufungwa fundo, na hupelekwa na mtu mzima. Wewe uliniletea jani tupu, na jasho la mkono. Nilijua tangu mlangoni."

"Sasa mbona ulikuja?"

Alisukuma kuni ndani ya moto. "Ile migomba ilikuwa yake kweli. Nilikaa na lile jani hadi asubuhi, nikalifunga fundo mwenyewe, nikampelekea."