Hita Kwenye Kilima cha Madale

Juzi fundi wa Manzese aliniambia, "Dada, gari likichemsha, washa hita. Inapunguza joto la injini." Nikaikumbuka siku ile na mama.

Utotoni, alasiri moja, nilikuwa na mama tukipanda kilima cha Madale kwa gari letu kuukuu. Jua lilikuwa kali. Mama alikazia macho dashibodi, kisha akawasha hita mpaka mwisho. Hewa ya moto yenye harufu ya vumbi ikanichoma miguu. Sikuwa na shaka: alikuwa ananiadhibu, ameshagundua.

"Mama, nisamehe," nikalia. "Baba ndo alisema nisikwambie kuhusu mtoto wake wa Bunju."

Mama akasimamisha gari. Chini ya boneti maji yalikuwa yanatokota kama sufuria ya maharage.

"Mtoto gani?" akauliza.